Kula Guangzhou: maswali tunayoulizwa na wageni kila safari

Kazi yangu ni kutembea na wafanyabiashara wanaokuja Guangzhou: wa Kariakoo, wa Eastleigh, wachache wa Lubumbashi na Bujumbura. Mchana tunazunguka masoko na viwanda, jioni linarudi swali lile lile: tule nini? Wengi hukaa wiki mbili nzima wakila chipsi na kuku wa kukaanga, katika mji ambao Wachina wenyewe wanausifu kwa msemo "shi zai Guangzhou", yaani kama ni kula, basi Guangzhou. Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeyaandika yote hapa.

Si naweza kula ugali Xiaobei mpaka safari iishe?

Unaweza. Mitaa inayozunguka kituo cha metro cha Xiaobei, njia namba 5, pamoja na Sanyuanli upande wa kaskazini, ndiko Waafrika wamekuwa wakifanyia biashara kwa zaidi ya miaka ishirini. Utapata fufu, wali wa Kinaijeria, samaki wa kukaanga, na ukibahatika ugali. Migahawa hiyo hufunguliwa na kufungwa haraka, na baada ya 2020 mingi haikurudi, basi muulize mtu aliyeko huku kabla hujapanda teksi.

Siwalaumu wanaokwenda. Siku ya tano tumbo hudai kwao. Ila mtu akiniambia amekuja Guangzhou mara kumi na hajawahi kunywa chai ya asubuhi na wenyeji, namwona kama aliyefika Zanzibar akashinda bandarini.

Mimi sili nguruwe. Nijilinde vipi?

Hapa ndipo watu wanapoponzwa, tena si kwa hila ya mtu, ni kwa lugha tu. Kwa Kichina "rou" ni nyama. Lakini kwenye menyu, "rou" likisimama peke yake ni nguruwe. Nyama nyingine zote hutajwa kwa majina yao: niurou ni ng'ombe, yangrou ni kondoo au mbuzi, jirou ni kuku. Nguruwe ndiye nyama, wengine ni wageni.

Jambo la pili: ukimwambia mhudumu kwamba huli nguruwe, yeye anaelewa vipande vya nyama. Mafuta ya nguruwe na supu ya mifupa yake havimo katika hesabu yake. Biringani zitakuja zimenyunyiziwa nyama ya kusaga, na atashangaa kwa dhati ukizirudisha.

Vya kuangalia hasa ni hivi. Siu mai, vile vifuko vya njano vilivyo wazi juu, ni nguruwe na kamba. Har gow, vifuko vyeupe vinavyong'aa, utaambiwa ni kamba, na ni kweli, lakini mara nyingi kuna mafuta ya nguruwe ndani ili ujazo uteleze. Wali wa kunata uliofungwa katika jani la yungiyungi huitwa kwa jina la kuku, ukiufungua unakuta soseji ya nguruwe imelala katikati. Hata kile kitamu cha yai chenye ganda la matabaka, ambacho kila mgeni hukipenda, ganda lake kwa mapishi ya zamani hukandwa kwa mafuta hayo hayo.

Weka sentensi hii kwenye simu uionyeshe: 我不吃猪肉，也不吃猪油. Husomwa "wo bu chi zhurou, ye bu chi zhuyou": sili nyama ya nguruwe wala mafuta yake. Kama ni Mwislamu, ongeza 我是穆斯林, "wo shi musilin", na mhudumu ataelewa kwamba hili si suala la ladha. Pombe ya mchele nayo hutiwa sana kwenye mapishi, hata ya samaki, kwa hiyo mwenye kujizuia kabisa asome jibu linalofuata.

Chakula halali nitakipata wapi?

Jifunze herufi mbili: 清真, "qingzhen". Maandishi ya Kiarabu yameondolewa kwenye mabango mengi miaka ya karibuni, basi usiyategemee. Tafuta hizo mbili.

Utakachokikuta zaidi ni maduka ya tambi za kuvutwa kwa mkono. Bango huandikwa Lanzhou, jina la mji wa kaskazini-magharibi mwa China, ingawa wenye maduka wengi ni Waislamu kutoka mkoa jirani wa Qinghai. Kijana anakamata donge la unga, analivuta upana wa mikono, analikunja mara mbili, analivuta tena, na kila akikunja nyuzi zinaongezeka maradufu mpaka unapoteza hesabu. Analibamiza mezani, anakata kichwa, anatupa kwenye maji yanayochemka. Bakuli la tambi, supu ya ng'ombe, vipande vyembamba vya nyama na giligilani juu halifiki bei ya soda mbili za hotelini kwako. Sema "xi" ukitaka nyembamba, "kuan" ukitaka pana.

Wa pili ni Wauyghur, Waislamu wa Xinjiang, magharibi kabisa mwa China. Kwao utakula mishikaki ya kondoo yenye bizari, mikate ya tanuri, na wali wa nyama na karoti wanaouita polo. Ndiyo, ni ndugu wa pilau yako, jina lenyewe limetoka kwenye shina moja la Kiajemi. Mgeni mmoja wa Mombasa alionja, akanyamaza kidogo, akasema, "Huyu kasahau iliki tu."

Ijumaa nenda msikiti wa Xianxian, karibu na stesheni kuu ya zamani ya reli, palipo na kaburi ambalo wenyeji husimulia ni la sahaba Saad bin Abi Waqqas. Wanahistoria wana maneno yao kuhusu hilo. Baada ya swala wauzaji hupanga mishikaki na mikate nje, na hapo utasikia Kiswahili bila kukitafuta. Msikiti wa Huaisheng, wenye mnara wa mita 36 na miongoni mwa mikongwe kabisa China, uko katikati ya mji, karibu na kituo cha Ximenkou.

Njia ya tatu wengi hawaijui: migahawa ya mboga tupu, 素食, "sushi" (isichanganywe na ile ya Kijapani). Iko mingi karibu na mahekalu ya Kibudha kama Liurong na Guangxiao. Humo hata "nyama" ni soya, na vitafunio vya mvuke vinavyofanana na vile vya chai ya asubuhi vinapatikana bila mafuta ya mnyama.

Na kwa wanaopitia Hong Kong: kantini ya Kituo cha Kiislamu pale Wan Chai huuza vitafunio vya mvuke vya halali. Treni ya kasi ni kama saa moja. Ila ukitoka bara kwenda Hong Kong umetoka China kwa hesabu ya uhamiaji; viza ya kuingia mara moja itakuwa imekwisha, na har gow haina thamani hiyo.

Hiyo chai ya asubuhi ni nini hasa?

Huitwa "yam cha", kunywa chai, na kwa jina hilo utafikiri ni kikombe tu. Ni mlo, ni baraza, ni mkutano wa ukoo. Wazee hufika saa moja asubuhi na gazeti, wakaagiza kwa kawaida ya kale ya "chombo kimoja, vipande viwili": buli la chai na vikapu viwili vya vitafunio, wakakaa hapo mpaka jua limepanda. Ukiwa na haraka, usiende.

Ukikaa, swali la kwanza utakaloulizwa ni chai gani, kabla ya chakula. Pu'er ni nyeusi na ina harufu ya udongo baada ya mvua. Inakata mafuta na ndiyo naipendekeza. Asiyeizoea achukue juhua, ya maua ya krisanthemu. Maziwa na sukari havipo. Nimeshuhudia mtu mzima akitoa pakiti ya sukari ya ndege mfukoni, na meza ya jirani ikageuka kutazama. Kumbuka tu kwamba neno letu "chai" lilianzia kwao, "cha", likapita Uajemi ndipo likatufikia. Sukari tumeitia sisi.

Chai hulipiwa kwa kichwa, yuan chache kwa kila aliyekaa, hata asipokunywa. Hayo si mapunjo. Vitafunio hupangwa kwa madaraja: vidogo, vya kati, vikubwa, maalumu, na bei hufuata daraja. Huja katika vikapu vya mianzi, vitatu au vinne kila kimoja, kwa hiyo nendeni wanne au watano ili muonje vingi. Ukienda peke yako utashiba kabla hujaanza.

Kati ya majumba ya zamani, Taotaoju ilianzishwa 1880 na Guangzhou Restaurant ina jina tangu miaka ya 1930. Zote ziko wilaya ya Liwan, mwendo mfupi kutoka kituo cha Changshou Lu. Panxi iko kando ya ziwa, yenye bustani na vijidaraja, na kwa macho ndiyo nzuri kuliko zote. Jumamosi na Jumapili foleni ni ya kutisha. Nenda siku ya kazi saa mbili asubuhi, au saa nane mchana ambapo sehemu nyingi hupunguza bei.

Mbona wanaosha vyombo mezani? Na mbona wanagonga meza kwa vidole?

Buli la kwanza humiminwa kwenye vikombe na bakuli, vijiti vikazungushwa humo, maji yakamwagwa kwenye bakuli kubwa lililoletwa kwa kazi hiyo. Vyombo vilikuwa safi. Ni desturi tu. Wageni wangu wawili waliwahi kuyanywa.

Kugonga kwa vidole viwili ni asante kwa aliyekumiminia. Husimuliwa kwamba mfalme Qianlong alitembea kwa kujificha, akamjazia mtumishi wake kikombe. Mtumishi hakuweza kupiga magoti bila kumfichua bwana wake, akakunja vidole mezani badala ya magoti. Nawe gonga, watafurahi. Buli likiisha, weka kifuniko upande, usiite mtu. Wataongeza maji.

Sijui vijiti.

Omba kijiko, "shaozi". Hakuna atakayekucheka. Usivichomeke tu vijiti wima kwenye wali, kwani vinafanana na ubani wanaowachomea wafu.

Menyu iko kwenye simu na hawataki noti zangu. Nalipaje?

Mezani kuna msimbo wa QR: unauskani, unachagua kwa picha, unalipa papo hapo. Pakia Alipay au WeChat, programu za simu wanazolipia huku, ukiwa bado nyumbani, uunganishe kadi yako ya Visa au Mastercard na upige picha pasipoti, kwa sababu ujumbe wa uthibitisho huja kwenye laini yako na kuupokea huku ni bahati nasibu. Kwa kadi ya kigeni, malipo yasiyozidi yuan 200 hayana makato. Yakizidi hukatwa asilimia 3. Meza ya watu sita ikifika yuan 600, kila mtu alipe chake.

Kwa sheria mwenye duka hapaswi kukataa noti. Kwa uhalisia hana chenji. Tembea na noti ndogo.

Ramani za Google hazifunguki kwa intaneti ya huku. Tumia Amap kwa njia, na Dianping kwa kuona picha za vyakula na maoni ya waliokula.

Nililetewa bili ya samaki karibu nizimie. Niliibiwa?

Pengine hukuibiwa. Nikusimulie langu. Mwaka wangu wa kwanza niliwapeleka wateja watatu kwenye mgahawa wenye matangi ya samaki hai mlangoni. Kwenye tangi la kamba wakubwa palikuwa na kibao: 38. Nikajitia mjuzi, nikasema leteni kilo moja na nusu. Bili ilipokuja nilihisi miguu inakwisha nguvu. Ile 38 ilikuwa bei ya liang moja, gramu 50. Kilo na nusu ni liang 30. Piga hesabu mwenyewe.

Tangu hapo naangalia herufi iliyo baada ya namba. 斤, "jin", ni gramu 500, nusu kilo, na ndicho kipimo cha kawaida sokoni. 两, "liang", ni gramu 50, hutumika kwa vya anasa. 例 au 份 ni sahani. Ukiona 时价 maana yake bei ya siku, basi uliza kabla. Samaki akipimwa, akaletwa kwenye mfuko akirukaruka mbele yako, hapo ndipo pa kuandika bei kwenye simu na kumwonyesha mhudumu ili aikubali.

Na usiache kumla kwa sababu yangu. Samaki wa mvuke wa Kikantoni, yaani wa wenyeji wa huku, mwenye nyuzi za tangawizi na majani ya kitunguu, aliyemwagiwa mafuta ya moto na sosi ya soya dakika ya mwisho, ni jambo ambalo mtu wa pwani atalielewa mara moja. Waambie wasitie pombe: "bu yao jiu".

Kuku wao mbona mbichi?

Huyo ni baiqieji, kuku mweupe. Huivishwa kwenye maji yaliyokaribia kuchemka kisha huzamishwa kwenye maji ya barafu, ngozi ikakaza. Nyama imeiva, uwekundu uko ndani ya mfupa, na kwa Wakantoni hiyo ndiyo dalili kwamba mpishi hakupitiliza. Hukatwa na mifupa yake, ukala kwa kuchovya kwenye tangawizi iliyopondwa na mafuta. Usipoweza, agiza bata bukini wa kuokwa, ila ujue kwamba mara nyingi hukatwa kwenye ubao mmoja na nguruwe.

Nitalishwa nyoka au mbwa bila kujua?

Hapana. Kula wanyamapori wa nchi kavu kulipigwa marufuku nchi nzima Februari 2020. Na nyama ya mbwa, panapouzwa, huuzwa kwa jina lake na kwa wanaoitaka, wala si ya bei rahisi kiasi cha kufichwa kwenye sahani yako. Watu huja na hofu ya nyoka, wakapitwa na nguruwe mbele ya macho yao.

Asubuhi nina haraka, naenda kiwandani. Nile nini?

Changfen. Mtaani utaona sanduku la bati lenye droo kama za kabati, mvuke ukitoka kila upande. Mama anavuta droo, anamimina rojo la mchele jepesi kuliko la vibibi, anapasulia yai, anatupia nyama ya ng'ombe au majani, anasukuma droo ndani. Dakika haijaisha, anaivuta tena, anakwangua utando ule kwa kipande cha bati mpaka unajikunja kama kanga iliyotupwa kitandani, anamwagia sosi tamu ya soya. Sema "jidan" kwa yai. Droo ni zile zile zinazotumika kwa nguruwe. Mwenye kuchunga sana aruke.

Au uji. Ndiyo, uji wa mchele, mzito mpaka punje zimepotea, na andazi refu la kukaanga liitwalo youtiao la kuchovya. Huo mweupe mtupu, "baizhou", hauna kitu ndani. Wenye samaki mara nyingi umeanzia kwenye supu ya mifupa.

Mbona chakula hakina pilipili?

Kikantoni kinataka uonje samaki kama samaki. Mtaa wowote una mgahawa wa watu wa mikoa ya Hunan au Sichuan, huko utapata moto, na Sichuan watakuongezea punje zinazotia ganzi ulimi. Wateja wangu wenye busara huja na pilipili ya kusaga kwenye begi.

Nimepewa kinywaji cheusi kichungu, ni dawa?

Ni liangcha, chai ya mitishamba ya kuondoa "joto la mwili". Huuzwa kwa kikombe mitaani. Ile iitwayo "ladha ishirini na nne" itakukumbusha mwarobaini, nawe utaheshimiwa ukiimaliza. Kufuta uchungu, tafuta maziwa ya tangawizi, asili yake Shawan, wilaya ya Panyu: maziwa ya moto humiminwa juu ya maji ya tangawizi na kuganda yenyewe. Bibi yangu angeomba mapishi.

Bakshishi?

Haipo. Ukiacha hela mezani watakukimbiza wakurudishie. Sema "m goi", ambayo kwa Kikantoni ni asante na tafadhali pamoja.

Nina mzio wa karanga.

Chukua tahadhari kubwa. Mafuta ya karanga ni ya kawaida katika mapishi ya Guangdong, mkoa huu wa Guangzhou, hata pasipoonekana karanga. Beba karatasi iliyoandikwa kwa Kichina na uionyeshe kila mahali.

Watatushangaa?

Watoto watakodoa macho na bibi mmoja ataomba picha. Aprili 2020, wakati wa hofu ya korona, Waafrika wengi wa mji huu walitolewa majumbani mwao na milango ya migahawa ikafungwa mbele yao. Lilitokea na halijasahaulika. Siku hizi, katika matembezi yangu, kinachotokea zaidi ni jirani wa meza kukuelekeza namna ya kula miguu ya kuku.

Mwenye kiwanda amenialika chakula cha jioni. Nifanyeje?

Mwambie vitu usivyokula kabla, kwa ujumbe, asubuhi. Mezani itakuwa aibu kwake. Fika kwa wakati, kwani wao hula mapema, saa kumi na mbili wameshakaa. Subiri uonyeshwe kiti. Mgeni mkuu hukaa akitazama mlango. Mwenyeji wako ndiye ataagiza, na lazima kutakuwa na kuku, maana kwao husemwa bila kuku hapana karamu. Kichwa cha samaki kitaelekezwa kwako. Sogeza tu kitoweo kidogo kwenye bakuli lako ndipo wengine waanze.

Atakuwekea chakula bila kukuuliza. Ukimaliza ataweka kingine, basi bakiza. Ukinyanyuliwa glasi na hunywi pombe, nyanyua chai, na ya kwako iwe chini kidogo ya ya mkubwa wako.

Kuhusu bili, gombania kidogo, kisha mwachie. Safari ijayo ni zamu yako, na uwe macho: wao huinuka katikati ya mlo kama wanaokwenda msalani, na kumbe wamekwenda kulipa.